Mgonjwa wa figo akizidisha maji, ni ukaidi?

Chukulia mvuvi wa Mchinga, kaskazini mwa mji wa Lindi, ambaye figo zake zimefeli. Anahitaji kusafishwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kila mara kama saa 4. Kama anasafishiwa Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 400 kutoka kwake. Basi anahamia kwa ndugu, ngalawa anaiacha. Baada ya miezi, wale anaoishi nao wanaanza: amekuwa mkali, hali vizuri, halali, na maji ameambiwa apunguze lakini wapi! Mkaidi tu huyo.

Je, ni hulka kweli? Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Alan Christensen na Timothy Smith, walichapisha utafiti kuhusu swali hili hili. Waliwapima wagonjwa wa dayalisisi zile hulka 5 kuu ambazo wanasaikolojia huzitumia. Waliokuwa makini na wenye kujipanga walifuata dawa vizuri zaidi. Hapo hulka ina sehemu yake. Lakini kwenye maji? Hakuna hulka hata moja iliyoonyesha nani atazidisha.

Mimi hilo halinishangazi. Figo zikifeli, chumvi unayokula haipati pa kutokea. Inabaki kwenye damu, inavuta maji kutoka ndani ya seli, na ubongo ukihisi hivyo unaamsha kiu. Kiu hiyo haiulizi kama wewe ni mpole au mbishi. Sasa mpe mtu huyo ng'onda kwa ugali, katika joto la pwani, halafu umwambie avumilie! Kupunguza chumvi kwenye chungu kutamsaidia kuliko kumfokea. (Na usimpoze kwa dafu. Lina potasiamu nyingi, na ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka kuua.)

Turudi kwenye ule ukali na kukosa usingizi. Huenda ni sonona, na watu wenye hulka ya wasiwasi huwa rahisi zaidi kuipata. Ila kuipima kwa mgonjwa wa figo kuna mtego. Mwaka 2013 Suetonia Palmer na wenzake walijumlisha tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali. Wagonjwa wa dayalisisi walipohojiwa na mtaalamu, karibu 23 kati ya 100 walikuwa na sonona. Walipojaza dodoso wenyewe, idadi ikapanda hadi 39 hivi. Tofauti yote hiyo imetoka wapi? Sehemu yake ni kwamba dodoso linauliza kuhusu uchovu, usingizi na hamu ya kula, na hivyo vyote figo zenyewe huviharibu hata moyo ukiwa umetulia.

Kwa hiyo ukikaa na mzee wako, mambo ya usingizi yaache kidogo. Muulize kama habari za bahari bado zinamchangamsha, kama kuna siku anaisubiri kwa hamu, kama anajiona mzigo kwa watu. Majibu ya hapo ndiyo ya kumpelekea nesi wa kitengo. Na akikwambia hataki tena kwenda kwenye mashine, usianze kubishana naye: mpigie nesi siku hiyo hiyo.