Mafuta ya nywele ya kuuza: chunga maji!

Wajasiriamali wa Ngamiani, wengi mnachanganya mafuta ya nazi na alovera mbichi. Siku chache tu kopo linanuka, mteja harudi tena. Shida ni maji. Alovera na tui vina maji, na penye maji bila kihifadhi, ukungu na bakteria wanazaliana.

Huna kihifadhi? Anza na mafuta matupu: gramu 80 za mafuta ya nazi, gramu 20 za nta ya nyuki. Pima kwa mizani, siyo kijiko. Vyombo viwe vikavu kabisa. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na joto la Tanga mnalijua. Nta ndiyo inayoyashikisha.

Andika tarehe kwenye kopo. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, kwa hiyo pita SIDO wakuelekeze kabla hujapeleka dukani.