Figo Mpya na Mwili Unaonenepa

Wewe uliye jikoni, endelea na kazi yako huku umetega sikio. Na kama una kalamu, iweke karibu, kwa kuwa leo yako mambo yanayofaa kuandikwa.

Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sasa laonekana katika makanisa yetu. Zamani, mtu ambaye figo zake zote mbili zimekufa, jamaa zake walikuwa wakimngojea tu. Siku hizi, hapa hapa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na hospitali nyingine pia, hupandikiza figo. Ndugu hutoa figo yake moja, mgonjwa huipokea, na kwa rehema za Mungu wote wawili hurudi nyumbani. Mara nyingi sisi washirika tumekuwa na sehemu katika kazi hiyo. Tumefanya harambee, tumekesha katika maombi, tumepeleka uji hospitalini kwa zamu.

Kisha, miezi michache ikipita, twaona jambo ambalo hatukulitazamia. Yule aliyekuwa amekonda kama ufito anaanza kunenepa. Mashavu yanajaa, nyama inainuka nyuma ya shingo, tumbo linatangulia, nguo hazimwingii. Mwenyewe anashangaa na kusema, "Mbona mimi sili kuliko wengine?" Nasi tusioelewa hatukosi la kusema. Mmoja amshika mkono nje ya kanisa: "Mama Fulani, umenona kweli! Maisha yamekunyookea." Mwingine anong'ona kando: "Kumbe ile michango yetu ndiyo inayoliwa." La kwanza ni sifa, la pili ni kijicho, lakini yote mawili humchoma mgonjwa moyoni. Tena maneno kama hayo yaweza kuleta mauti. Nitaeleza kwa nini.

MLINZI ALIYE NDANI YETU

Tuanze na sababu. Mungu ameuwekea mwili mlinzi wa kupambana na kila kitu kigeni kinachoingia. Ndiye anayetuponya mafua na kufunga vidonda vyetu. Lakini mlinzi huyu hajui kwamba figo iliyotoka kwa dada yako ni zawadi. Yeye huona mgeni, naye hushambulia.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanywa mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, na Daktari Joseph Murray pamoja na wenzake. Aliyetoa figo, Ronald Herrick, na aliyeipokea, Richard Herrick, walikuwa pacha wa kufanana kabisa. Kwa sababu hiyo mlinzi katika mwili wa Richard hakuona mgeni, naye Richard aliishi miaka minane zaidi. Lakini ni wangapi kati yetu wenye pacha wa namna hiyo? Ikawa lazima madaktari watafute dawa za kumtuliza mlinzi, na tangu miaka ya 1960 mojawapo ya dawa hizo imekuwa jamii ya prednisoloni. Siku hizi hutumika pamoja na nyingine, kama vile takrolimasi. Wagonjwa walio wengi humeza dawa za namna hii kila siku, maadamu figo ile yafanya kazi.

Basi dawa hizi zinazoilinda figo zina gharama yake mwilini. Prednisoloni huamsha njaa kali, hata mtu aliyetoka mezani hutamani kurudi. Tena huhamisha mafuta na kuyaweka usoni, nyuma ya shingo na tumboni, huku misuli ya mikono na mapaja ikipungua. Ndiyo maana uso huwa wa mviringo kama mwezi mpevu, na mtu aonekanaye mnene hushindwa kupanda ngazi. Dawa hiyo pia huufanya mwili ushike chumvi na maji. Na zote mbili, prednisoloni na takrolimasi, zaweza kupandisha sukari katika damu, hata mtu ambaye hakuwa na kisukari akakipata.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya heri. Ugonjwa wa figo huondoa ladha ya chakula na kuleta kichefuchefu. Yule aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine alikatazwa ndizi, machungwa, viazi na maharagwe, na maji alipimiwa kwa kikombe. Sasa ladha imerudi na makatazo mengi yameondolewa. Sehemu ya uzito ule ni nyama iliyoliwa na ugonjwa, nayo sasa inarudi mahali pake. Katika mwaka wa kwanza, kuongezeka kilo 5 hata 10 si jambo geni kwa watu hawa.

UZITO WA MAJI NA UZITO WA MAFUTA

Sasa shika kalamu. Uzito unaoongezeka ni wa namna mbili, na kuzitofautisha kwaweza kuokoa figo.

Mafuta huja polepole, juma baada ya juma. Hakuna mtu anayelala usiku mmoja akaamka na kilo 2 za mafuta. Lakini maji huja haraka, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo mizani ikipanda zaidi ya kilo moja kwa siku moja, au zaidi ya kilo 2 kwa juma moja, usiseme, "Labda ni ugali wa jana." Tazama miguu. Bonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba: je, pabaki shimo? Je, mkojo umepungua? Je, shinikizo la damu limepanda, au pumzi yakatika? Je, kuna homa, au maumivu chini ya tumbo, upande ule ilipowekwa figo mpya? Mambo hayo yakionekana, nenda hospitalini siku ile ile. Huenda mwili umeanza kuikataa figo, na mapema kuna dawa ya kuizuia hali hiyo. Ukichelewa, huenda figo isirudi tena.

Uzuri ni kwamba haya yote yaweza kufuatwa kwa mizani ya kawaida na daftari la shule. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda msalani, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi, kwa mizani ile ile. Andika tarehe na kilo. Siku ya kliniki, mpe daktari daftari lako. Litamwonyesha mambo ambayo wewe waweza kuyasahau.

DAWA ISIACHWE

Nilisema kwamba maneno yetu yaweza kuleta mauti. Fikirini juu ya msichana wa shule ya sekondari aliyepewa figo na mama yake. Darasani anaitwa majina kwa sababu ya mashavu yake. Anajitazama katika kioo, anajichukia, na siku moja anaanza kuvificha vidonge chini ya godoro. Labda baada ya majuma machache uso wapungua kweli, naye afurahi. Lakini mlinzi ameamka. Figo yaweza kushambuliwa kimya kimya, bila maumivu yoyote, na siku miguu inapovimba sehemu kubwa imekwisha kuharibika. Mambo haya hutokea, hasa kwa vijana.

Tena prednisoloni haiachwi ghafula hata kidogo. Mtu akiimeza kwa muda mrefu, tezi zake zinazotengeneza homoni ya namna hiyo hulala usingizi. Akiiacha kwa mara moja, mwili hubaki mtupu: nguvu zaisha, shinikizo la damu laanguka, na aweza kuzimia na kufa.

Basi afanyeje mtu anayeteswa na uzito? Amwambie daktari waziwazi, bila haya. Kipimo cha prednisoloni huwa kikubwa mwanzoni, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua. Wengi hufika miligramu 5 kwa siku, na wengine huachishwa kabisa chini ya uangalizi. Kipimo kinapopungua, mara nyingi uso nao hupungua. Baadhi ya dawa zaweza kubadilishwa. Lakini mwenye kuzibadilisha ni daktari peke yake, si jirani wala muuza dawa wa sokoni. Jihadhari hasa na miti shamba ya kupunguza mwili. Mingine huharibu figo, na mingine huondoa nguvu ya vidonge. Hata tunda la balungi, lililo jema kwa wengine, huvuruga kipimo cha takrolimasi katika damu. Na wakati kanisa linapotangaza siku za kufunga, ndugu huyu azungumze kwanza na daktari wake. Vidonge vyake visikose siku hata moja, na maji anayoagizwa anywe. Mungu aliyempa figo haoni haya mtu huyo akinywa maji wakati wa maombi.

MEZANI NA NJIANI

Kuhusu chakula, haifai mtu ajinyime mpaka adhoofike, kwa maana misuli yake yahitaji kujengwa. Lakini kuna vitu vidogo vinavyopita bila kuhesabiwa. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, amekula vijiko 12, yaani gramu 50 hivi. Chupa moja ya soda ya mililita 300 yaweza kuongeza vijiko saba. Hapo bado hatujataja andazi. Apunguze kijiko kimoja kila juma, na ulimi utazoea. Nusu ya sahani iwe mboga, kama sukuma wiki, kabichi au mchicha, vilivyooshwa vizuri na kupikwa kwa mafuta kidogo. Ugali uwe kadiri ya ngumi yake. Maharagwe, ndengu, samaki au yai vimpe nguvu, isipokuwa daktari amesema vingine. Chumvi iwe kidogo, kwa kuwa chumvi ndiyo inayoyashika maji. Na akumbuke kwamba viungo vya mchuzi vya pakiti vimejaa chumvi.

Baada ya chakula, miguu nayo ipate kazi. Majuma ya kwanza asichukue mtungi wa lita 20 wala kulima, mpaka kidonda kipone. Lakini kutembea kwafaa. Aanze dakika 10, aongeze mpaka zifike 30, siku nyingi za juma. Kutembea huimarisha mifupa na misuli inayodhoofishwa na dawa, na huisaidia sukari iliyo katika damu kutumika.

Je, akifanya yote hayo na mizani bado yapanda? Hilo nalo hutokea. Amwombe daktari achunguze zaidi: sukari, tezi iliyo shingoni ambayo ikilegea mwili hunenepa, na dawa nyingine anazotumia, zikiwamo za huzuni au za kisukari, maana baadhi yake huongeza uzito. Na hata sababu isipopatikana upesi, asikubali kuitwa mlafi. Huyu ni mtu anayebeba mzigo wa dawa ili apate kuishi.

ELI NA HANA

Ndugu zangu, mnakumbuka habari za Hana alipokuwa akiomba hekaluni kule Shilo. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Eli alikuwa kuhani, mtu mzima na mwenye uzoefu, lakini alimtazama tu akaamua kwamba mwanamke huyu amelewa. Alikuwa ameona jambo la kweli, yaani midomo inayocheza, akalifasiri vibaya. Hana alijibu kwa heshima, akaeleza uchungu wake. Na Eli, kwa sifa yake, alikubali kusikia. Aliacha kumkemea, akambariki, akamwacha aende kwa amani.

Nasi tunaona mashavu yaliyojaa. Hayo tunayaona kweli. Lakini tunafasiri nini? Tukikutana na ndugu huyu Jumapili, tuiache habari ya mwili wake. Tumwulize, "Unaendeleaje?" kisha tunyamaze mpaka amalize kujibu. Anapotutembelea, tusimlazimishe kuongeza sahani ili tuonekane wakarimu. Umoja wa akina mama waweza kumpata mwenzake mmoja wa kutembea naye jioni. Mzazi aweza kukaa na kijana wakati wa vidonge, si kama askari, bali kama rafiki. Mwalimu wa shule ya Jumapili aweza kuwaonya watoto wasimpe mtu jina kwa sababu ya sura yake.

Na sisi tuliotoa michango, tukumbuke tulichokitoa kilikuwa kwa ajili ya nini. Tulitaka mama huyu aishi, awapikie watoto wake, aimbe tena katika kwaya. Leo anapika, na kiti chake katika kwaya hakiko tupu. Ikiwa gauni la kwaya limembana, kuna fundi wa kuliongeza pindo.

Bwana awape subira ninyi mnaobeba mzigo huu, na atupe sisi wengine masikio ya kusikia kabla ya kusema. Kwaherini kwa leo, mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.