Sumaku Ndani ya Tone la Damu

Mkoa wa Singida umo katika nyanda za kati za Tanzania, mahali penye mvua chache na kiangazi kirefu. Kwa sababu hiyo mbu waenezao malaria hawastawi huko kama wanavyostawi pwani au kandokando ya Ziwa Viktoria, na mkoa huo huhesabiwa miongoni mwa ile yenye malaria kidogo nchini. Hata hivyo jirani yake wa magharibi ni Tabora, ambako uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao 23 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea vya malaria katika damu. Reli ya Kati hupita Tabora, Itigi na Manyoni, na wasafiri hawakomi.

Hali hiyo huwapa wahudumu wa zahanati za Singida kazi ngumu. Homa nyingi wanazoziona si malaria, na kumpa kila mgonjwa dawa ya malaria ni kuuacha ugonjwa wake wa kweli bila tiba. Lakini ile homa moja ambayo ni malaria haifai kukosewa, kwani mtu ambaye mwili wake haujauzoea ugonjwa huo huweza kuzidiwa upesi. Kinachohitajika, basi, ni kipimo cha hakika. Mojawapo ya njia zinazotafitiwa inategemea jambo ambalo wengi hawalidhanii: kimelea cha malaria hutengeneza ndani ya damu kitu kinachoitikia sumaku.

Kwa nini sumaku haivuti damu

Damu ina chuma, na chuma hicho ndicho kinachobeba oksijeni ndani ya hemoglobini. Mbona basi sumaku huvuta msumari lakini haivuti kidole? Jibu limo katika elektroni. Kila elektroni ni kama sumaku ndogo mno. Elektroni mbili zikikaa jozi, nguvu ya moja hufuta nguvu ya nyingine. Iliyobaki peke yake huonyesha nguvu yake. Katika msumari, atomi za chuma zimesongamana, na elektroni zao zisizo na jozi huelekezana upande mmoja, hata nguvu yao ikawa kubwa. Katika hemoglobini kila atomi ya chuma imefungwa ndani ya molekuli yake, mbali na wenzake, nayo haina wa kushirikiana naye.

Michael Faraday wa Uingereza aliipima damu mwaka 1845, akaona kwamba haivutwi na sumaku. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell wa Marekani waligundua jambo la ajabu zaidi. Damu iliyobeba oksijeni husukumwa kidogo sana na sumaku, kwa kuwa elektroni zake zote zina jozi. Oksijeni ikiondoka, kila atomi ya chuma hubaki na elektroni nne zisizo na jozi, na hemoglobini hiyo huvutwa, ingawa kwa nguvu hafifu mno. Kwa hiyo bangili ya sumaku haiwezi kuivuta damu mishipani, hata muuzaji wake aseme nini.

Taka ya kimelea

Kimelea cha malaria huingia katika chembe nyekundu ya damu na kuila hemoglobini. Baada ya mlo huo hubaki hemu, yaani ile sehemu yenye chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Ili kisife, kimelea huzifunga molekuli za hemu mbili mbili na kuzipanga kuwa fuwele za rangi ya kahawia, ziitwazo hemozoini. Dawa ya klorokwini iliua vimelea kwa kuzuia kazi hiyohiyo, kabla vimelea havijawa sugu na Tanzania kuiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001.

Rangi hiyo ndiyo iliyomwongoza Alphonse Laveran kukiona kimelea nchini Algeria mwaka 1880, na Ronald Ross kukitambua ndani ya tumbo la mbu huko India mwaka 1897. Katika fuwele hizo kila atomi ya chuma ina elektroni tano zisizo na jozi. Kwa hiyo chembe iliyoambukizwa huvutwa na sumaku kuliko chembe nzima, na maabara nyingi hutumia sumaku kali kuzitenganisha.

Kupima kwa mwanga

Fuwele za hemozoini ni ndefu kuliko upana wake. Sumaku ikizungushwa kando ya tone la damu lililochanganywa na maji, fuwele hugeuka kuifuata, kama alizeti changa za mashamba ya Singida zinavyolifuata jua. Mwanga ukipitishwa hapo, kiasi kinachotokea upande wa pili hupanda na kushuka kwa kadiri fuwele zinavyogeuka. Damu isiyo na fuwele haionyeshi badiliko hilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitangaza majaribio ya njia ya namna hiyo mwaka 2008, na mwaka 2021 yakatolewa matokeo ya majaribio mengine kwa wagonjwa wa Papua New Guinea.

Thamani ya njia hii ni kubwa. Vipimo vya haraka vinavyotumika katika zahanati nyingi hutafuta protini moja ya kimelea, na huko Eritrea, Djibouti na Ethiopia wameonekana vimelea ambao hawaitengenezi tena. Ni vigumu zaidi kwa kimelea kiishicho kwa kula hemoglobini kuacha kutengeneza hemozoini.

Kasoro zipo vilevile. Vimelea vichanga vina fuwele chache, na vile vilivyokomaa vya aina iuayo zaidi hujificha katika mishipa midogo ya viungo vya ndani. Aidha, fuwele huweza kubaki katika chembe nyeupe za damu baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo hadubini na vipimo vya haraka bado ndivyo tegemeo la zahanati, na mwenye homa anapaswa kwenda kupimwa kabla ya kumeza dawa. Akiwa ametoka safarini, amweleze mhudumu alikotoka.