Katuni za Jumamosi Asubuhi Zinahitaji Mlipaji wa Nyumbani

Januari 2014 TBC1 ilianza kurusha Ubongo Kids, katuni ya hisabati na sayansi iliyotengenezwa Dar es Salaam, kila mwisho wa wiki saa tatu asubuhi. Septemba mwaka huohuo, huko Marekani, kituo cha The CW kilifunga pazia la katuni za Jumamosi asubuhi katika vituo vikubwa vya kitaifa. Kule biashara hiyo ilishamiri tangu miaka ya 1960 ikilipiwa na watengenezaji wa vyakula vya asubuhi na vitu vya kuchezea. Hapa kwetu imezaliwa bila mtangazaji na kulelewa zaidi na wahisani. Wafanyabiashara wa Dodoma na nyanda za kati wanapaswa kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa kuwa bidhaa yenyewe ni nzuri na wao ndio wenye sababu kubwa ya kuilipia.

Katuni za nje zimejaa tele, na kituo huzipata kwa bei nafuu kwa kuwa gharama zake zilisharudi kwingine. Katuni ya nyumbani haiwezi kushindana nazo kwa bei. Inashinda kwa urafiki. Akili, msichana wa miaka minne katika Akili and Me, katuni ya watengenezaji wa Ubongo Kids, humgeukia mtazamaji, huuliza swali la kuhesabu au la maumbo, kisha hunyamaza akisubiri. Mtoto hujibu kwa sauti, na Akili humpongeza. Katika Ubongo Kids swali hutokea na majibu ya kuchagua, na mwenye simu nyumbani hutuma jibu kwa ujumbe mfupi. Kwa mtoto wa Bahi au Chamwino aliyekua akisikia Kigogo, kusemeshwa kwa Kiswahili kilichotulia na rafiki asiyemkaripia akikosea ni maandalizi halisi ya shule. Faida yake imepimwa, tena jirani tu: mwaka 2018 Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alichapisha utafiti uliofanyika Morogoro, na watoto waliotazama Akili and Me waliwazidi wenzao waliotazama katuni nyingine katika mambo kama kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora.

Gharama karibu yote ipo mwanzoni, kwenye kuandika, kuchora na kurekodi sauti. Kipindi kikishakamilika, mtazamaji wa milioni haongezi gharama ya kukitengeneza, na kukitia sauti za Kinyarwanda au Kihausa ni kazi ndogo kuliko kuanza upya. Ndiyo maana shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, Ubongo, shirika linalotengeneza katuni hizo, liliweza kuwapa watangazaji wa Afrika vipindi vyake bila malipo. Lakini kinachogawiwa bure lazima kiwe kimelipiwa na mtu. Kilimani Sesame, toleo la Tanzania la Sesame Street, lilikuja kwa fedha za wahisani likiwafundisha watoto kuhusu malaria na usafi, na halikupata mlipaji wa kudumu nchini. Kufungwa kwa USAID, shirika la misaada la Marekani, mwaka 2025 kumeonyesha jinsi mfereji wa wahisani unavyoweza kukauka ghafla.

Wapo watakaosema kuwa mtangazaji akiingia, mtoto atauzwa. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni sheria. Marekani yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1990, iliweka kikomo cha dakika 10.5 za matangazo kwa saa katika vipindi vya watoto mwisho wa wiki. Sisi tunaweza kuwa wakali zaidi: jina la mfadhili litajwe mwanzoni na mwishoni, na mhusika wa katuni asinadi kitu chochote. Wengine watasema vijijini televisheni ni chache na watoto wa mjini wamehamia kwenye simu. Ni kweli kwamba tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dodoma Januari 2013, mwenye runinga ya analojia bila king'amuzi hapati picha. Ila runinga moja ya sola kijijini hukusanya watoto wa nyumba kadhaa, na anayehesabu seti badala ya macho anakosea hesabu. Simu nayo hula bando la mzazi, tena hutazamwa na mmoja.

Swali gumu ni nani alipe katika mkoa wa Dodoma, wenye watu 3,085,625 kwa sensa ya 2022. Zao linaloitangaza Dodoma zaidi ni zabibu, lakini mvinyo haufai kabisa kusimama karibu na mtoto. Alizeti inafaa. Wakamuaji wa mafuta wa Dodoma na Singida wanauza kitu kinachoingia jikoni kila siku, na mnunuzi wao ni mama aliye chumba cha pili wakati katuni inaendelea. Mmoja mmoja ni wadogo mno kulipia muda wa hewani wa kitaifa. Wakichanga kupitia vyama vyao, wakaongezwa wasagaji wa unga wa lishe na benki zinazofungua akaunti za watoto, msimu mmoja unaweza kudhaminiwa kwa mkataba wa miaka kadhaa, na watengenezaji wakapata fedha wanayoweza kuipangia kazi kabla haijafika.