HOFU YA MVUA ISITUPELEKE KATIKA BUTURA



Tunapozungumza juu ya mabadiliko ya hali ya hewa, hutaja mvua, jua na ziwa. Ni nadra kutaja moyo wa mkulima. Hata hivyo, moyo huo ndio unaoamua atafanya nini mvua ikichelewa, na uamuzi wake huonekana baadaye katika leja ya Chama cha Msingi.

Kwanza ni hofu. Mbuni wa robusta hujiandaa kutoa maua wakati wa kiangazi, na mvua ndiyo huyafungua. Jua kali likifuata, maua hunyauka na matunda machanga hupukutika. Toka ua hadi tunda kuiva hupita takriban miezi 9 hadi 11, na katika muda huo wote ada ya shule na matibabu havingoji. Hofu ya mkulima basi si ujinga. Lakini mwenye hofu akiwa peke yake hukimbilia mlango ulio karibu, na katika mkoa wetu mlango huo ni butura: kuuza kahawa ingali maua au changa mtini, kwa bei ndogo. Serikali imeikataza, nayo hufanyika kwa siri. Hasara yake ni zaidi ya fedha, kwani aliyekwisha kuuza hana tena sababu ya kutandaza nyasi wala kupanda miti ya kivuli, kazi ambazo zingemkinga na ukame. Nani atahudumia shamba kwa faida ya mwingine?

Pili ni huzuni. Mnyauko bakteria wa migomba, ulioingia Muleba katika miaka ya 2005 na 2006, si tatizo la mvua, lakini ulitufundisha jambo. Wakulima waliagizwa kung'oa shina zima lililougua, na wengi walisita. Kibanja ni chakula, ni urithi, na ndimo walimozikwa wazee wetu. Baadaye ilishauriwa kuondoa mgomba wenye dalili peke yake mapema na kusafisha panga kwa moto. Njia hiyo ilikubalika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ilimwachia mtu kibanja chake.

Tatu ni ubishi, ambao mara nyingi ni hofu iliyokosa la kufanya. Husemwa kwamba ziwa lilijaa hata zamani. Ni kweli, maji ya Ziwa Viktoria yalipanda mno mwaka 1964, na mwaka 2020 yakafikia tena kimo cha namna hiyo. Lakini kukumbuka mafuriko ya kale hakumwandai mtu kwa yajayo.

Kutokana na hayo, vyama havina budi kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe mkutanoni kabla ya vuli na masika, na kila onyo lifuatwe na kazi moja inayowezekana wiki hiyo: matandazo, miti ya kivuli, au miche bora kwa ushauri wa kituo cha utafiti cha Maruku.

(b) Wanawake wapewe nafasi ya kusema, maana wao huiona njaa ya kibanja kabla ya wengine.

(c) Mikopo ya ada kutoka vyama vya akiba na mikopo ipangwe kabla ya kipindi cha maua, wakati mnunuzi wa butura hajabisha hodi.

(d) Katibu asimwaibishe hadharani aliyeuza butura. Aibu humfukuza mwanachama, na akisha kuondoka, wa kumsikiliza atabaki kuwa mnunuzi yule yule.

Chama hakiwezi kuleta mvua. Kinaweza kuhakikisha kwamba mwanachama haingojei peke yake.