WANAKIJIJI WALIOJENGA JUKWAA LAO
Habari za Mchezo wa Kuigiza wa Kamiriithu

Wapo watu wadhaniao kuwa mchezo wa kuigiza ni kazi ya wanafunzi na ya watu wa mjini, wenye jumba kubwa lenye mapazia na taa. Habari za kijiji cha Kamiriithu, katika Limuru, zaonyesha kuwa sivyo. Huko wakulima na vibarua walijenga jukwaa kwa mikono yao wenyewe, wakaigiza maisha yao kwa lugha ya nyumbani, na watu wakaja kwa maelfu kuwatazama.

Kamiriithu ni mojawapo ya vijiji vilivyoundwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu mahali pamoja ili kuwatenga na wapiganaji wa msituni. Baada ya Uhuru mwaka wa 1963 kijiji hakikuvunjwa bali kilizidi kukua, na ilipofika mwaka wa 1975 kilikuwa na watu wapatao 10,000. Wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai na wa viwanda. Wengine walilima vishamba vyao au walifanya biashara ndogo ndogo.

Katika kijiji hicho palikuwa na uwanja wa ekari nne uliowekwa kwa ajili ya vijana, lakini haukuwa na jengo ila nyumba moja ya udongo. Mwaka wa 1976 mwanamke mmoja wa kijijini alimwendea mwandishi wa vitabu Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa akikaa karibu, akamwomba yeye na wenzake wenye elimu waje kuwafaa jirani zao. Alikwenda tena na tena bila kuchoka, hata ombi lake likakubaliwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kisomo. Madarasa ya watu wazima yalianza mwezi wa Julai 1976, na Ngugi wa Mirii alikuwa mmoja wa viongozi wake. Kabla mwaka haujaisha, watu 55 waliweza kusoma na kuandika. Ndipo wanachama walipoazimu kuwa na mchezo wa kuigiza, nao wakawapa hao Ngugi wawili kazi ya kuuandika kwa Kikikuyu. Mchezo huo uliitwa Ngaahika Ndeenda, maana yake, Nitaolewa Nikipenda. Wasimulia habari za kibarua mmoja, Kiguunda, mwenye ekari moja na nusu tu. Tajiri wake amshawishi afanye arusi ya kanisani pamoja na mkewe, ingawa wameishi pamoja miaka mingi. Ili kupata fedha za arusi, Kiguunda aweka rehani hati ya shamba lake kwa benki, na mwisho shamba lampotea.

Yafaa kueleza jinsi mchezo huo ulivyotengenezwa, maana hapo ndipo palipokuwa na nguvu zake. Maandiko yalisomwa mbele ya wanakijiji, nao walikuwa na ruhusa ya kuyasahihisha. Mzee akiona kuwa maneno aliyopewa mtu wa makamo yake hayana uzito wa mtu mzima, alisema hivyo, na maneno yakabadilishwa. Kwa nyimbo za arusi, mwalimu alikuwa mama mmoja asiyejua kusoma, aliyeweza kuimba sehemu zote, neno kwa neno. Bunduki za bandia zilitengenezwa chini ya uangalizi wa watu waliopata kutengeneza bunduki za kweli wakati wa vita vya msituni.

Wachezaji walichaguliwa hadharani, na mazoezi, yaliyoongozwa na Kimani Gecau, yalifanywa waziwazi. Mtu ye yote aliweza kusimama, akatazama, akatoa shauri. Kwa hiyo wengi walikwisha kuujua mchezo kabla ya siku ya kwanza.

Jukwaa lenyewe lilikuwa kilinge cha nusu duara, na nyuma yake ukuta wa mianzi na nyumba ndogo ya kuwekea vyombo na kubadilishia mavazi. Mabao marefu ya kukalia yalipangwa kama ngazi, yakawatosha watu 2,000. Paa halikuwapo.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watazamaji waliona mambo yao wenyewe: mshahara usiotosha, deni, na shamba kuchukuliwa. Lakini tarehe 16 Novemba serikali ilipiga marufuku mchezo huo. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila ya kushtakiwa mahakamani mpaka Desemba 1978.

Wanakijiji hawakukata tamaa. Walitengeneza mchezo mwingine wa nyimbo, Maitu Njugira, juu ya taabu za vibarua katika miaka ya 1930, wakakusudia kuuonyesha mwezi wa Februari 1982 katika jumba la taifa la michezo ya kuigiza, Nairobi. Walipofika walikuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi katika Chuo Kikuu, na watu wakafurika huko, mpaka nayo yakakatazwa. Tarehe 11 Machi chama chao kilifutwa, na siku ya pili askari wenye silaha walikuja wakalibomoa jukwaa la Kamiriithu.

Ubao na mianzi vikaanguka, lakini ujuzi haukupotea. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walihamia Zimbabwe, wakawasaidia watu wa huko kuanzisha vikundi vya michezo ya namna hiyo hiyo. Mchezo wa kwanza ulitafsiriwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Na mwezi wa Mei 2022 ulichezwa Nairobi, kwa Kikikuyu na kwa Kiingereza, katika jumba lile lile ambalo milango yake ilifungwa mwaka wa 1982.

Kijiji kitakacho kuanza kazi kama hii hakihitaji fedha nyingi. Watu wa Kamiriithu walianza na uwanja mtupu, darasa la kisomo, na mama mmoja asiyechoka kubisha hodi.