Msuko wa Picha za Mwangwi: Hesabu na Istilahi katika Uchunguzi wa Ini kwenye Mwambao wa Kisumu

Kichocho cha matumbo, ugonjwa uletwao na mnyoo aitwaye Schistosoma mansoni, umekita mizizi katika mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu watoto wa shule za magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa kadiri shule ilivyokuwa karibu na ziwa ndivyo maambukizi yalivyozidi. Wavuvi, wachota mchanga na waosha magari hushinda ndani ya maji yaliyo makao ya konokono wamtunzao mdudu huyo. Waosha magari wa Kisumu, hasa, wamekuwa mashuhuri katika maandishi ya tiba: makala iliyotolewa mwaka 2002 na watafiti wa taasisi ya KEMRI pamoja na wenzao wa Marekani ilieleza jinsi baadhi yao, baada ya kutibiwa na kuambukizwa mara nyingi, walivyopata kinga ya kiasi fulani.

Makala haya yanamwachia tabibu mambo ya mnyoo na dawa. Yanachukua swali moja tu, ambalo kwa kutazamwa juu juu laonekana kuwa la madaktari peke yao: picha ya ini ikiwa mbele ya mtazamaji, je, kile akionacho kitasemwa kwa maneno au kwa tarakimu, na kikisemwa, kitasemwa kwa lugha gani? Swali hili lina uzito, kwa kuwa jibu lake huamua ni mgonjwa gani apelekwe hospitali kuu akachunguzwe zaidi, na kama miaka ya kugawa dawa vijijini imepunguza makovu au haikuyapunguza.

Yafaa kwanza kueleza kinachotazamwa. Minyoo wakubwa hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo. Mayai yao mengine hutoka kwa choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa katika vitawi vidogo vya mshipa mkuu uletao damu kutoka matumboni. Mwili huyazingira mayai hayo, na baada ya miaka kovu hujengeka kandokando ya mishipa. Damu hukosa njia pana, wengu huvimba, mishipa ya umio hutuna, na siku moja mtu aliyekuwa akivuta wavu hutapika damu. Chembe za ini lenyewe huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu, hivyo mgonjwa huenda asionyeshe dalili hadi siku hiyo. Kupapasa tumbo kwa mkono hakutoshi, maana katika Nyanza malaria nayo huvimbisha wengu. Ndiyo sababu mashine ya ultrasaundi, itumiayo mwangwi wa sauti isiyosikika kwa masikio, ikapata cheo kikubwa katika uchunguzi huu.

*Majina ya sampuli*

Mkutano wa Cairo wa mwaka 1990 ulitoa utaratibu wa kwanza wa kusoma picha hizo kwa namna moja. Ulifuatwa na mkutano wa Niamey, Niger, mwaka 1996, ambao maazimio yake yalichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000. Utaratibu wa Niamey humtaka mchunguzi alinganishe ini analoliona na michoro ya mfano iliyopewa herufi. A ni ini lisilo na dosari. B ni mbingu yenye nyota. C ni pete na mirija ya kiko. D ni ukosi unaozunguka mshipa mkuu pale unapogawanyika. E ni viraka. F ni ukucha wa ndege.

Msomaji wa lugha ataona mara moja kwamba orodha hii ni mfululizo wa sitiari, na kwamba sitiari hizo zimezaliwa mbali. Ile ya kiko ni kongwe kuliko mashine: Symmers, daktari aliyefanya kazi Misri, ndiye aliyeifananisha hali hiyo, mwaka 1904, na mabua ya viko vya udongo mweupe yaliyochomekwa ndani ya ini. Kiswahili hakina haja ya kuazima hapa, kwani kinalo neno digali, yaani bua lile lipitishalo moshi wa tumbaku. "Ukosi" nao unafaa, kwa kuwa kila mvaa kanzu au shati anaujua, ingawa lile vazi la shingoni la Ulaya ya zamani ambalo waandishi walilifikiria lilikuwa na marinda ambayo ukosi wetu hauna.

Ukucha wa ndege ndio wenye matata. Katika picha ya F, mistari myeupe hutoka mahali pamoja, ikatanuka hadi ukingoni mwa ini. Mtazamaji asomaye "ukucha" kwa Kiswahili hutazamia kitu kimoja, kigumu, kilichopinda, maana ukucha ni ukucha na kidole ni kidole. Kilichokusudiwa ni mguu mzima wa ndege wenye vidole vilivyotawanyika, kama alama iachwayo na korongo kwenye matope ya Dunga. "Unyayo wa ndege" ungekuwa tafsiri ya haki. Kuhusu nyota, pana tahadhari ya aina nyingine: mtu aambiwaye kwamba ini lake lina nyota aweza kudhani amepewa habari za bahati yake, na huenda akaondoka akiwa na furaha.

Mbali na majina, liko tatizo la mpaka. Watafiti wengi huhesabu makovu kuanzia C. Lakini kati ya B na C hapana ukuta. Pana jicho la mtu, uchovu wake, na mwanga wa chumba. Wachunguzi wawili waweza kutofautiana juu ya ini moja, na mchunguzi mmoja aweza kutofautiana na nafsi yake baada ya mwaka. Hapa ndipo hoja ya kuhesabu inapoingia.

*Kuhesabu majirani*

Picha ya mashine ni uwanja wa miraba midogo sana, iitwayo pikseli, na kila mraba una kiasi chake cha weupe, kwa kawaida kuanzia 0, yaani mweusi tititi, hadi 255, yaani mweupe pe. Njia rahisi ni kutafuta wastani wa weupe huo. Njia hiyo hudanganya. Chukua mkeka mdogo wa miraba 4 kwa 4, minane myeupe na minane myeusi. Ukiipanga kwa kupishana, kama bao la drafti, wastani ni nusu. Ukiiweka myeupe yote kushoto na myeusi yote kulia, wastani ni nusu vilevile. Hakuna msusi ambaye angeiita mikeka hiyo miwili kuwa mmoja.

Tofauti hujitokeza pale yanapohesabiwa majirani badala ya miraba. Kila safu ina jozi tatu za miraba iliyopakana kushoto na kulia, hivyo mkeka mzima una jozi 12. Katika mkeka wa kupishana, jozi zote 12 ni za rangi mbili. Katika ule mwingine, jozi za rangi mbili ni 4 tu. Robert Haralick na wenzake, Shanmugam na Dinstein, waliijenga njia hii kwa ukamilifu mwaka 1973: jedwali linaloonyesha ni mara ngapi weupe wa kiasi fulani umekaa jirani na weupe wa kiasi kingine, na kutoka katika jedwali hilo vipimo 14. Kimoja hupima mkinzano wa majirani, kingine ulinganifu wao, kingine kadiri ya vurugu. Wao walifanyia kazi picha za mawe ya mchanga, picha za angani na za setilaiti; tiba ilikuja kuazima baadaye, ikaitumia njia hiyo kwa ini, kwa misuli, kwa tezi ya shingo.

Mwanaisimu hana sababu ya kuliogopa jedwali hilo, kwani amelitumia siku zote bila kulipa jina hilo. Atwaaye vitenzi vya asili ya Kibantu katika hali ya kutendea na kuhesabu tu ni i ngapi na e ngapi zimo, hatagundua lolote. Atakapoandika ni irabu gani ya mzizi imekaa jirani na irabu gani ya kiambishi, ataona pikia, katia na fungia upande mmoja, chekea na somea upande wa pili, na baadhi ya nafasi za jedwali zitabaki tupu: e haifuatwi na i, wala o haifuatwi na i. Kanuni ya upatanifu wa irabu imo katika ujirani. Kovu la ini, vivyo hivyo, huweza kuonekana katika ujirani wa weupe hata pale wastani ulipotulia.

Ni jina gani litolewe kwa sifa hii ya picha? Neno la Kilatini ambalo lugha za Ulaya zimelirithi lilitoka katika ufumaji. Kiswahili kilikuwa na mfumo, kutoka kufuma, neno lililotaja jinsi nguo ilivyoshikana kwa mtande na mshindio. Lakini mfumo umekwisha chukuliwa na siasa na sayansi kwa maana nyingine, na kuurudisha ni kuleta utata. Umbile hutaja zaidi hali ya kitu kizima. Msuko ndilo neno lifaalo: kusuka kunahusu mkeka, kikapu na nywele, na katika vyote vitatu kinachotazamwa ni jinsi ukili mmoja unavyokaa na mwenzake. Kwa hiyo, "uchanganuzi wa msuko".

*Sauti na mashine*

Hata hivyo istilahi hii nzuri ina hila yake. Sauti itumikayo kwa tumbo huwa na mitikisiko kama milioni 3.5 kwa sekunde, nayo husafiri katika nyama laini za mwili kwa mwendo wa mita 1,540 kwa sekunde. Basi urefu wa wimbi moja ni milimita 0.44 hivi. Chembe za ini ni ndogo mno kuliko wimbi hilo. Myangwi itokayo kwenye vitu vidogo visivyohesabika hukutana, mingine ikaongezana, mingine ikafutana, na vidoa vionekanavyo kwenye kioo ni matokeo ya mkutano huo. Msuko wa picha, kwa maneno mengine, ni msuko wa mwangwi. Ini limeuathiri, halijauchora. Mashine nyingine, au kifaa cha mkononi chenye mitikisiko zaidi, itasuka vingine kwa ini lilelile. Na kwa sababu mwali wa sauti hutanuka uendapo mbali, vidoa vya sehemu ya ndani huwa vipana kuliko vya juu. Kwa hiyo visanduku vinavyolinganishwa yapasa vichukuliwe katika kina kimoja.

Iko faraja moja. Mashine huikandamiza nguvu ya mwangwi kwa logarithi kabla ya kuionyesha, hivyo mchunguzi akiongeza ukuzaji, kila mraba huongezewa kiasi kilekile. Tofauti kati ya majirani haibadiliki, na kipimo cha mkinzano husimama palepale, mradi weupe haujafika 255 ukagota. Wastani hauna ustahimilivu huo. Lakini akibadili upana wa nguvu zinazoonyeshwa, tofauti zenyewe hutanuka au husinyaa, na kipimo huhama. Ndiyo maana tarakimu iliyochukuliwa ufukoni mwa Kisumu haina budi kuandikwa pamoja na aina ya mashine, mitikisiko, kina na marekebisho yake, na mashine kupimwa mara kwa mara kwa donge la mfano lililotengenezwa ili lirudishe sauti kama ini. Bila hayo, kijiji kilichopimwa kwa mashine ya zamani na kupimwa tena kwa mpya kitaonekana kimepona au kimezidiwa, na huenda hakuna ini hata moja lililobadilika. Michoro ya Niamey, pamoja na udhaifu wake wote, haina kasoro hiyo kwa kiwango kile, kwani jicho la binadamu hujirekebisha. Kwa hiyo si busara kuitupa.

Linabaki la mgonjwa mwenyewe. Katika vijiji vya mwambao huu, majibu hutoka kwenye Kiingereza, yakapitia Kiswahili, yakafika kwa Kijaluo. Kwa Kijaluo ini ni chuny, na chuny ni roho pia, makao ya hisia za mtu. Kiswahili hakiko mbali na hapo, kwani mwenye kukatwa maini ni mwenye huzuni. Sentensi isemayo kwamba chuny ya mtu ina kovu yaweza kusikika kama hukumu juu ya nafsi yake. Mfasiri atakuwa salama zaidi akianza na mishipa: kwamba njia za damu zipitazo ndani ya ini zimezungukwa na makovu yaliyoletwa na mayai ya mnyoo, kisha ataje herufi au tarakimu, na mwisho aeleze kama makovu hayo yamepungua tangu kipimo kilichotangulia kwa mashine ileile.